Kitu Nambari 0417

Siku ya tatu ya kazi, saa nne kasorobo asubuhi, Yaqdhan alikuwa ameshavipa nambari vitu mia nne na kumi na sita vya nyumba ya Bi Shaikha, na stoo alikuwa bado hajaigusa. Mgongo ulimuuma. Alikuwa kijana mwembamba wa idara inayotunza vitu vya kale, mwenye miwani na subira nyingi, na Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake aliyezaliwa Pemba.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kitu kinafutwa vumbi, kinapakwa mstari mwembamba wa vanishi mahali pasipoonekana sana, kinaachwa kikauke. Juu ya vanishi inaandikwa nambari kwa wino mweusi, kisha vanishi tena juu ya wino. Halafu kitu kinapitishwa mbele ya tableti iliyosimamishwa kwenye meza, tableti inasoma nambari, inapiga picha, inafungua ukurasa. Kuanzia hapo kitu hicho kinalindwa na sheria. Kazi ya kuvishika vitu mpaka vikauke ilimwangukia Evodia, mtumishi wa ndani wa Bi Shaikha, kwa sababu mkono wake hautetemeki na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Kalamu ya Yaqdhan ilikuwa na tabia ya kukaukia njiani. Kila alipotaka kuandika aliijaribu kwanza nyuma ya kiganja chake, na kwa kuwa hakupenda kuchorachora ovyo, aliijaribu kwa kuandika nambari inayofuata. Siku ya tatu mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa nambari mpaka kwenye kiwiko, na mkono wa kanzu yake, dishdasha nyeupe, ulishaanza kupata madoa.

"Dada Evodia," akasema, "niazime mkono."

Evodia akamnyooshea. Juu ya kifundo palikuwa na tone la vanishi lililomdondokea alipokuwa ameshika mtungi, limekauka tangu mapema. Yaqdhan akaandika hapo 0417. Wino ulikubali vizuri. Evodia akageuka kuchukua chetezo cha shaba, brashi ya vanishi ikampitia juu ya mkono kwa bahati mbaya, na alipokuwa anakiweka chetezo mezani tableti ikalia mlio wake mfupi.

Ukurasa ulikuwa umefunguka. Picha ilimwonyesha Evodia na aproni yake, kuanzia kifuani mpaka kwenye kilemba. Mashine ilikuwa imejaza yote inayoweza kujaza yenyewe. Mahali kilipokutwa: jikoni. Hali: nzuri. Mmiliki: Shaikha binti Saif, kama vile vitu mia nne na kumi na sita vilivyotangulia. Ilibakia kuuliza jambo moja tu, nalo ni kitu kimetengenezwa kwa nini, na bila jibu ilikataa kuendelea. Yaqdhan alimtazama Evodia, akaitazama tableti. Akaandika "mseto", maana ndivyo anavyoandika akiwa hana hakika, na chetezo kikawa 0418.

"Hiyo nitaifuta nikifika ofisini," alisema.

"Haya, kaka," alisema Evodia, akaenda kutazama wali wake.

Ofisini Yaqdhan alikuta mkubwa wake ameshatia saini kurasa zote za orodha zilizokwishafika, akiwa amekaa hukohuko, adhuhuri, kabla ya kwenda kusali. Orodha ikishatiwa saini haifutwi mpaka kamati iamue.

Inafaa kueleza kwa nini orodha hiyo ilikuwapo. Nyumba ni ya udongo na mawe, ya baba mkwe wake Bi Shaikha, nayo imebanwa katikati ya majumba mapya ya Mabela yenye mageti yanayojifungua yenyewe. Bi Shaikha, mzaliwa wa Vuga aliyeletwa Maskati akiwa mwari, aliishi humo na mumewe, na mumewe alipofariki mashemeji walitaka kuivunja wajenge fleti. Hakugombana nao. Alikwenda idarani na kuomba nyumba isajiliwe, na vyote vilivyomo. Mashemeji wakakata rufaa. Wakili wao alikuwa anaipitia orodha mstari kwa mstari akitafuta kosa, maana kosa moja lingetosha kuirudisha kazi yote mwanzo, na katika muda huo nyumba ingekuwa haina ulinzi.

"Wanataka kuniletea tingatinga," Bi Shaikha alisema. "Mimi nna miaka sabini na nne. Nende wapi? Nikakae kwenye fleti na lifti?"

Evodia hakuwa na ugomvi na hayo. Yeye alikuwa na jambo lake. Binti yake Winifrida angefunga ndoa kwao Kamachumu, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na Evodia hajakanyaga nyumbani kwa miaka sita. Likizo ya kwanza ilikufa kwa sababu ya corona. Ya pili ilikufa Bi Shaikha alipovunjika nyonga. Safari hii tiketi ilikuwa imekatwa na shada la maua ya bandia limeshanunuliwa, na kila jioni baada ya kuosha vyombo Evodia alikuwa anapanga na kupangua sanduku lake.

Nyumbani alikuwa na sanduku jingine, la bati, chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja cha maana, nacho ni mbeleko aliyombebea Winifrida, khanga ya maua mekundu iliyopauka. Ufunguo aliuficha mwenyewe na hakumwambia mtu. Alikuwa ameshaamua tangu siku aliyoondoka kwamba mbeleko hiyo ataitoa kwa mkono wake, siku binti yake atakapoihitaji.

Nambari haikutoka kwa sabuni. Evodia alijaribu limau, kisha mafuta ya taa, kisha Kloroksi, na Kloroksi ikafanya kazi. Kifundo kikawa safi. Asubuhi yake akiwa anachana nywele aliiona nambari shingoni, nyuma ya sikio la kushoto, mwandiko uleule, vanishi ikimetameta. Akaisugua hapo, ikahamia begani. Yaqdhan alipopigiwa simu alisema tafadhali asiendelee, kwa sababu kufuta nambari ya kitu kilichosajiliwa ni kosa, na asingependa kumwandikia.

"Lakini mimi ndiyo kitu chenyewe," alisema Evodia.

"Ndiyo," alisema Yaqdhan. "Ndiyo maana najaribu kukulinda."

Evodia akakata simu. Hakuwa na hakika amkasirikie nani. Yaqdhan alikuwa na adabu, Bi Shaikha hakuwa na roho mbaya, na nambari ilikuwa ndogo, haikuwasha wala kuuma.

Siku ya safari Bi Shaikha alimtolea pasipoti kwenye droo anamoweka dhahabu zake. "Jawazi hii hapa," alisema, "nlikuwekea isipotee." Akamfungia na halua, na gauni la buluu la Winifrida la siku ya pili, na pakiti tatu za tende. Alimkumbatia akalia kidogo, maana kwa miaka sita ni Evodia aliyemwogesha na kumsomea dawa zake, na wanawe wanakuja Ijumaa tu.

Uwanja wa ndege ukampokea bila neno. Mizigo ilipimwa, muhuri ukagongwa, Evodia akakaa kiti cha dirishani nyuma ya bawa. Ndege ilikwenda mpaka mwisho wa njia yake, ikaunguruma, ikakimbia, ikafika mwisho wa pili bila kunyanyuka. Ikageuka. Ikajaribu tena. Mara ya tatu rubani akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba injini ni nzima, mafuta yapo na uzito uko sawa, ila ndani ya ndege mna kitu cha kale kisicho na kibali cha kutolewa nchini, na anamwomba mwenye nacho ajitokeze ili abiria wengine wasichelewe.

Watu wakaanza kutazama chini ya viti. Mzee mmoja alifungua begi lake akaonyesha birika la kahawa, akaeleza kwamba kalinunua juzi sokoni na risiti anayo. Msichana wa ndege akamwambia hilo halina neno. Evodia alisubiri aone kama kuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akanyanyuka, akaomba radhi kwa safu nzima, akashuka na mkoba wake. Kutoka kwenye basi la uwanjani aliiona ndege ikiruka bila taabu, na sanduku lake na halua yake vikiwa tumboni mwake.

Alilia kwenye teksi mpaka Mabela. Bi Shaikha alimfungulia mlango, akamtazama, akasema, "Haya, ingia. Nishakutilia chai."

Kesho yake akaitwa Noof, mtoto wa dada yake Bi Shaikha, wakili mwenye ofisi Qurum. Alikuja na gari jeupe na faili la buluu, akavua viatu, akasoma sheria yote pale kwenye mkeka akipiga mistari kwa penseli. Evodia alikaa mbele yake, mikono mapajani.

"Kitu kinatoka kwenye orodha kwa njia tatu," alisema Noof. "Kiangamie, kipotee, au ithibitike kwamba si cha kale."

"Basi mniandike nimepotea."

"Kikipotea anashitakiwa mmiliki kwa uzembe. Atakuwa khalati, Bi Shaikha."

"Mmiliki wangu ni Mama?"

Noof aligeuza karatasi, akaigeuza tena. "Hapa ndivyo ilivyoandikwa," alisema. "Alama za kurudia zimeshuka kutoka juu mpaka chini."

"Hiyo si inaweza kupingwa?"

"Inaweza. Lakini mwenye haki ya kuipinga ni mmiliki. Kitu hakifungui kesi."

Wote wawili wakamtazama Bi Shaikha. Bi Shaikha alikuwa anahesabu tasbihi yake. Alisema, "Mwanangu Evodia, wallahi nngekwenda leo hii. Lakini nkisema mstari mmoja una kosa, wale watasema yote ina kosa. Nawe utakuwa umetoka, na mimi nyumba sina. Subiri rufaa ipite. Ipite tu."

"Lini?"

"Wanasema mwezi wa tatu. Au wa tano."

Harusi ilikuwa baada ya siku kumi na sita. Evodia aliondoka akaenda kuanika nguo, na nguo alizoanika zilikuwa zimeshakauka tangu asubuhi. Alikuwa amekasirika sasa, na hasira ile aliionea haya, kwa sababu alimwelewa Bi Shaikha vizuri. Mtu akikutoa nyumbani mwako unashika chochote kilicho karibu, na aliyekuwa karibu ni yeye.

Ikabaki njia ya tatu. Evodia alileta cheti chake cha ubatizo, kilichotumwa na paroko kwa mtu aliyekuwa anakuja, kinachosema kwamba amezaliwa mwaka 1979 na kwa hiyo si wa kale. Noof alikipeleka kwenye kamati. Kamati ilikikagua kwa kioo cha kukuza, ikaona karatasi yake ni ya zamani, wino wake wa kalamu ya kuchovya, muhuri wake wa aina isiyotengenezwa tena. Wakakipenda. Wakakipa nambari 0552 na kukiweka kwenye bahasha isiyopitisha mwanga. Kuhusu 0417 wakaandika kwamba hati iliyoletwa kuthibitisha umri wake sasa ni kitu cha kale chenyewe, na haifai kutolewa nje ya bahasha kwa ajili ya kusomwa.

Tangu hapo Yaqdhan alianza kuja kila mwezi, maana kitu kinachoombewa kutoka hufuatiliwa kwa karibu. Alikuwa na kifaa kidogo cheupe cha kupimia joto na unyevu. Alikiweka juu ya bega la Evodia dakika mbili, akasoma, akaandika. Mara ya kwanza ilikuwa asilimia arobaini na tano. "Nzuri sana," alisema. Evodia alipomwambia jino linamuuma na daktari wa Mabela amekataa kuliziba, Yaqdhan alieleza kwamba daktari alifanya sawa. Kuziba ni ukarabati. Akampa fomu ya kuomba.

Ni Yaqdhan huyohuyo aliyeleta njia ya nne, isiyokuwa kwenye sheria ya Noof kwa sababu iko kwenye kanuni za maonyesho. Kitu chenyewe hakitoki nchini bila kibali cha kamati, na kamati ingekutana tena baada ya harusi. Lakini nakala ya kitu hutoka wakati wowote. Huna haja ya kibali, saini moja inatosha.

"Nakala yangu?" alisema Evodia.

"Kuna fundi wa nakala mtaa wa Ghala," alisema Yaqdhan. "Anafanya kazi safi. Mtungi wake ukiuweka karibu na mtungi wenyewe, mimi mwenyewe natafuta nambari."

Karakana ya Hatem ilikuwa katikati ya gereji ya kunyoosha bodi na ghala la vipuri vya viyoyozi. Hatem alikuwa mtu wa Iskandaria, mnene, mwenye vidole vyembamba, na ukutani kwake zilipangwa nakala za majambia na vyungu na jiwe moja la kaburi. Alimpima Evodia siku tatu. Alimpaka mpira wa baridi wa rangi ya waridi, akampaka plasta juu yake, akamwambia apumue kwa pua. Alitaka kujua kila kitu. Kovu la goti limetokana na nini. Akicheka anaanza na mdomo au na mabega. Kwa nini anaegemea mguu wa kulia anaposimama sana. Evodia alimjibu kwa Kiarabu cha jikoni, na katika miaka sita hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza maswali mengi hivyo. Alijisikia vizuri, kisha akajishangaa kwa kujisikia vizuri.

Siku ya nne nakala ilifunua macho, ikakaa juu ya meza ya kazi, ikaomba chai. Hatem akaipa. Ikasema sukari haitaki.

"Mimi natia vijiko viwili," alisema Evodia.

"Najua," ilisema nakala.

Chini ya unyayo wa kushoto Hatem aligonga muhuri wa neno moja, nakala, ili mtu asije akadanganyika. Alisema hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na mwizi.

Zilibaki siku nne kabla ya safari. Evodia alikaa na nakala yake jikoni akaifundisha. Aliifundisha majina ya mashangazi na nani hasemezani na nani. Aliifundisha kusalimia Kihaya kwa sauti ya chini inayofaa mkwe. Aliionyesha mahali pa kulia kwenye misa, si wakati wa kiapo kwa sababu hapo watu wanatazama, bali baadaye, wimbo wa shukrani ukianza. Nakala ilijifunza upesi na haikusahau. Ilimenya ndizi vizuri kuliko yeye. Bi Shaikha akiita, mara nyingine walinyanyuka wote wawili.

Kuhusu sanduku la bati hakuifundisha kitu. Alifika hapo, akapapita, akaendelea na habari za majirani.

Nakala iliondoka Alhamisi, na pasipoti ya Evodia na viatu vya Evodia vya kanisani. Kwenye karatasi ya forodha Yaqdhan aliandika: kazi ya kisasa, haina thamani ya kihistoria. Ndege iliruka mara ya kwanza.

Harusi Evodia aliiona kwenye simu, Jumamosi saa tano, amekaa juu ya ngazi ya jikoni, na Bi Shaikha kando yake kwenye kiti cha plastiki. Picha ilikatikakatika. Walimwona Winifrida akitoka kwenye gari, mrefu kuliko alivyomwacha. Walimwona mama wa bibi harusi mstari wa mbele, gauni la zambarau, shada kichwani limekaa sawa. Wimbo wa shukrani ulipoanza yule mama akainama akalia, mabega kwanza, na Winifrida akaacha mkono wa mumewe akaja kumshika. Wakakumbatiana muda mrefu sana, mpaka kwaya ikarudia beti.

"Umependeza," alisema Bi Shaikha.

"Ahsante, Mama," alisema Evodia.

Jioni Winifrida alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama yake, kwa mazoea tu, maana kwa kujua kwake mama yake alikuwa chumba cha pili. Alisema amefurahi mpaka anashindwa kulala. Alisema, mama, umeacha sukari, na umependeza, na ahsante kwa kuja. Evodia alikuwa amejiandaa kumweleza ukweli. Alikuwa ameshatafuta hata maneno. Akaisikiliza sauti ile mara sita, akaona hana la kumweleza mtoto aliyefurahi hivyo.

Nakala ilitakiwa kurudi baada ya mwezi mmoja. Haikurudi. Evodia alimuuliza Noof, Noof akasoma, akasema kitu kilichotolewa nchini ni lazima kirudishwe na kuna adhabu kali kisiporudishwa. Nakala haina sharti hilo. Nakala inaweza kukaa inakotaka.

"Na pasipoti yangu?"

"Imekwenda nayo," alisema Noof. "Lakini kitu kilichosajiliwa hakihitaji pasipoti."

Bi Shaikha alisema hata hivyo jawazi yenyewe ilikuwa inakaa bure tu kwenye droo.

Mwezi wa tano rufaa ya mashemeji ilitupwa. Orodha ilikutwa haina kosa hata moja. Bi Shaikha alichinja mbuzi wawili, akagawa nyama nyumba kumi na nne za jirani, akamshonea Evodia gauni. Evodia alingoja wiki, akangoja ya pili, kisha akamkumbusha ahadi yake. Bi Shaikha akaushika mkono wake akaupapasa.

"Sasa imeshakuwa hukumu, mwanangu," alisema. "Hukumu haiguswi. Noof kasema. Kwani hapa unakosa nini?"

Alikuwa anauliza kweli, na alingoja jibu. Evodia akaenda kumletea dawa zake za jioni.

Siku ya Alhamisi moja moja nyumba hufunguliwa kwa wageni. Wanakuja wanafunzi, na watalii wa hoteli za Qurum, na familia za Kizanzibari zinazotaka kuwaonyesha watoto wao mambo ya zamani. Evodia husimama jikoni kati ya mtungi na chetezo na kuwamiminia kahawa. Wengine huuliza kama ni ya asili au ya kuigiza. "Asili khasa," husema Bi Shaikha. "Nakala yake iko Afrika."

Simu ya nakala ilikuja Jumatatu asubuhi, mwezi wa tisa, Evodia akiwa anachambua dengu.

"Habari ya huko?" ilisema nakala. Nyuma yake jogoo alikuwa anawika na mtu anapasua kuni.

"Nzuri. Na ninyi?"

"Hatujambo. Winifrida amejifungua juzi, mtoto wa kike. Kilo tatu na nusu. Wamempa jina lako."

Evodia akaweka ungo chini.

"Sasa," ilisema nakala, "amekumbuka ile mbeleko yako ya maua mekundu. Anasema anataka mtoto abebwe kwa hiyo. Anasema iko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda, nami nimemwambia nimesahau ufunguo nimeuweka wapi. Nimetafuta nyumba nzima, na yeye amekaa hapa ananisubiri."

Evodia akaibana simu sikioni. Alisikia mtoto analia, sauti nyembamba, kisha mtu akimbembeleza. Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema kwamba hiyo ni ya kwangu mimi, niliiweka nije niitoe mimi. Mtoto aliendelea kulia.

"Picha ya Moyo Mtakatifu," alisema. "Nyuma yake kuna tofali linalocheza."

Nyayo zikaenda, zikarudi. Akasikia kufuli inazunguka kwa shida, na mfuniko wa bati ukigonga ukuta ule aliousiriba mwenyewe.

"Nimeipata," ilisema nakala. "Ngoja nimfunge." Khanga ikachakarika. "Imetosha. Amenyamaza. Ahsante, dada. Jitunze."

Simu ikakatika.

Yaqdhan alifika saa nne kwa ukaguzi wa mwezi. Alivua viatu, akasalimia, akamkuta 0417 ameketi juu ya ngazi ya jikoni, dengu zimemwagika miguuni. Akaweka kifaa chake juu ya bega lake, akangoja dakika mbili, akasoma. Akakipangusa kifaa kwa kitambaa, akasoma tena.

"Unyevu umezidi," alimwambia Bi Shaikha. "Asilimia sitini na nane. Si vizuri kwake."

Akaandika. Bi Shaikha akafunga madirisha yote, akawasha kiyoyozi.